Goli Ulilolisikia Kabla Hujaliona

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ana intaneti nzuri kuliko yangu. Sikumuuliza, nimelijua hilo kwa kuangalia mpira. Matangazo yangu ya mechi yanafika yamechelewa sekunde ishirini hivi, yake yanawahi, na dari iliyo katikati yetu haizuii kelele za mtu mzima anayeruka kutoka kwenye kochi. Kwa misimu miwili sasa nimekuwa mtu mwenye karama: najua kuna goli kabla halijafungwa. Kwenye skrini yangu kipa bado kaukumbatia mpira, anawapungia mabeki wasogee mbele, na kule juu tayari ni kishindo, makelele, kiti kinaburuzwa.

Mwanzoni ilinikera kweli. Nilijaribu kuongeza sauti, nikajaribu hedifoni, siku moja nikafikia hatua ya kuhamishia televisheni chumbani. Wapi! Kishindo hakiingilii masikioni tu, kinapita ukutani. Halafu usiku mmoja kikaja wakati timu yangu ina mpira nyuma kabisa, mabeki wa kati wanapasiana kivivu. Mimi na jirani tunashabikia timu moja, kwa hiyo nikajua: ndani ya sekunde ishirini tunafunga. Nani atafunga na atafungaje, hilo sikulijua. Nikaacha kuangalia mpira, nikaanza kuangalia watu.

Ndipo nikamwona beki wa kulia. Alianza kukimbia kabla mpira haujavuka katikati ya uwanja, mbio ndefu za pembeni kabisa, mkono juu akiomba pasi ambayo hakuna aliyekusudia kumpa. Winga wa wapinzani akamfuata, kwa kusitasita, hatua tano tu. Hatua hizo tano zilitosha: pale alipotoka ndipo pasi ilipopita, na baada ya hapo kila kitu kikawa chepesi. Mfungaji aligusa mara moja. Kwenye marudio mguso ule ulionyeshwa kutoka pande nne. Beki wa kulia hakuonyeshwa hata mara moja. Kamera ilipomkuta alikuwa anarudi nyuma polepole, mikono kiunoni, akihema.

Nimeangalia mpira tangu utotoni na sikumbuki goli lingine nililoliona vizuri namna ile. Mshtuko niliukosa, ni kweli. Sikuruka. Lakini goli lenyewe nililiona lote, tangu lilipotungwa.

Tangu usiku huo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo mashabiki huwa tunalikimbia: kujua mwisho kunatuongezea nini na kunatupunguzia nini? Maana mimi, kama watu wengi, nina mapenzi matatu yasiyo na faida yoyote, muziki, filamu na mpira, na kwa kila moja nina sheria tofauti. Wimbo naurudia mara mia. Filamu nairudia mara mbili, mara tatu, nikiipenda sana mara kumi. Mechi? Mtu akinitajia matokeo kabla sijaiangalia naona kama kaniibia. Kwa nini? Vyote vitatu ni muda tu, dakika zinazopita mbele yetu kwa mpangilio fulani. Kwa nini dakika hizi zivumilie kujulikana na zile zisivumilie?

Muziki wenyewe hauna tatizo hilo kabisa. Sijawahi kumsikia mtu anakataa kusikiliza wimbo eti kwa sababu anajua unavyoisha. Wimbo mpya ndio wenye kazi ngumu. Unaingia masikioni kama mgeni, hujui umkalishe wapi. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kutufanya tukipende zaidi, hata kama ni maneno yasiyo na maana au picha za nyuso za watu tusiowajua. Watangaza muziki wa redio walikuwa wanalijua hilo siku nyingi, ila wao hawakuandika makala ya kisayansi. Walipiga tu wimbo uleule asubuhi, mchana na jioni mpaka ukajikuta unauimba bafuni na hukumbuki uliupenda lini.

Ila maelezo hayo hayanitoshi. Kurudia kunajenga, na kunaua pia. Kuna nyimbo zimepigwa hadi nikisikia mdundo wa kwanza natafuta mlango. Kwa hiyo si kila wimbo unavumilia kujulikana. Upi unavumilia? Maoni yangu, na hapa nasema kama shabiki asiyejua kushika hata gita, ni kwamba unadumu wimbo wenye mahali pa kusubiria.

Chukua rumba ya Kongo, muziki ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2021. Wimbo wa rumba uliopikwa vizuri una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya waimbaji: sauti zinapishana, maneno yanaeleza kisa, gita la rithimu linatembea bila haraka. Ya pili ni sebene. Waimbaji wanakaa pembeni, gita la solo linashika usukani, kifungu kifupi cha noti kinazungushwa na kuzungushwa mpaka miguu isiyojua kucheza inajidai inajua. Msikilizaji mgeni sebene linamshtua. Mwenyeji halimshtui hata kidogo, na yeye ndiye anayefaidi zaidi. Anaujua mstari wa mwisho kabla ya mlango kufunguka. Mistari miwili kabla ya hapo mwili wake umeshaanza kujiweka sawa, bega limeshuka kidogo, kidole kinagonga meza. Utamu wote wa sebene umeanza kabla sebene halijaanza.

Enzi za santuri kusubiri huko kulikuwa kwa mikono kabisa. Sahani ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo nyimbo ndefu za rumba zilikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Ulilazimika kuinuka, ukanyanyua sindano, ukageuza sahani, ukairudisha sindano bila kukwaruza. Fikiria hilo. Wimbo unafika pale unapotaka kupasuka, kisha kimya, mtu mmoja anainuka, chumba kizima kinamwangalia mikono. Hakuna mtayarishaji wa muziki wa leo angethubutu kuweka kimya kirefu namna hiyo kabla ya utamu.

Angethubutu vipi? Kwenye Spotify wimbo unahesabiwa kuwa umesikilizwa ukishafikisha sekunde 30. Ukijua hivyo, ukawa wewe ndiye unayelipwa kwa hesabu hiyo, utaanza na nini? Utaanza na kiitikio. Utatupa utamu wote mlangoni ili mtu asitoke. Ndiyo maana nyimbo nyingi za sasa zinanikumbusha timu inayofunga dakika ya kwanza halafu inapaki basi, inajilinda tu, dakika 89 zilizobaki. Umeshinda, sawa. Lakini mimi nimekaa hapa kufanya nini?

Najua mnachotaka kuniambia: huu ni uzee. Kila kizazi kinasema muziki uliisha pale chenyewe kilipoacha kwenda disko. Nakubali nusu. Ufupi wenyewe si kosa. Santuri za kale zaidi, zile za mizunguko 78, zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, na ndani ya dakika hizo tatu watu walifanya maajabu ambayo mpaka leo hatujayamaliza. Mimi sigombani na saa. Nagombana na wimbo usionifanya nisubiri kitu.

Na kinachosubiriwa si lazima kiwe kikubwa. Nina rekodi moja ya zamani, sitaitaja kwa sababu mtaitafuta na mtaniuliza nimeona nini. Kabla ya ubeti wa tatu mwimbaji anavuta pumzi. Pumzi fupi, imekwama kidogo katikati, kama mtu aliyekaribia kuchelewa basi akaliwahi. Nadhani alichelewa kweli. Ubeti wenyewe unaingia na haraka ambayo beti mbili za kwanza hazina. Nimeisikiliza pumzi ile kwa miaka, na naweza kusema kwa uhakika kwamba wimbo ule naupigia pumzi ile. Halafu likatoka toleo lililosafishwa. Sauti safi, besi imenyanyuka, mikwaruzo imefutwa, na pumzi nayo imefutwa. Fundi aliyesafisha aliona ni uchafu. Kila nikifika pale kwenye toleo jipya najikwaa, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani imebaki moja.

Huyo fundi simlaumu sana. Aliusikiliza wimbo kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza pumzi ile kweli haina maana yoyote.

Filamu nazo zina kesi yake, na kesi hiyo imeharibiwa na hofu. Siku hizi mtu hawezi kutaja hata jina la mhusika bila wenzake kuziba masikio: usimwage mtama! Nimeshaona urafiki ukitikisika kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa lifti ikiwa inapanda. Kama uhondo wote wa saa mbili unaweza kuibiwa na sentensi moja, basi kulikuwa na uhondo kiasi gani humo?

Jamani, sisi ni watu tuliolelewa na kanuni ya "stelingi hafi". Tulikaa mbele ya skrini tukijua kabisa kwamba yule bwana hatakufa. Risasi zitamkosa, atatupwa kutoka ghorofani ataangukia kwenye lori la magodoro, na adui mkubwa atabaki wa mwisho. Tulijua mwisho kabla ya jina la filamu kutokea. Na tulipiga kelele. Tulimwambia ageuke nyuma. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi kama atapona. Wasiwasi ulikuwa atapona vipi safari hii.

Mwongozaji wa filamu Hitchcock, ambaye kazi yake ilikuwa kutisha watu, alilieleza jambo hili vizuri katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake Truffaut mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, ghafla bomu linalipuka: umewapa watazamaji mshtuko wa sekunde 15. Sasa waonyeshe watazamaji kwanza kwamba chini ya meza kuna bomu na saa imebaki robo, kisha waache watu walewale wapige soga ileile: umewapa dakika 15 za roho juu. Soga haijabadilika hata neno. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji anajua.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Leavitt na Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi, baadhi zikiwa zimefichuliwa mwisho wake tangu mwanzo. Wasomaji walizipenda zaidi zilizofichuliwa. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote na matokeo hayo, na mimi si wa kuamua ugomvi wa wasomi. Lakini nina ushahidi wangu mkubwa kuliko maabara yoyote: mwaka 1997 ulimwengu mzima ulijazana kwenye majumba ya sinema kuangalia meli ambayo kila mtu alijua ilizama Aprili 1912. Filamu ya Titanic ina zaidi ya saa tatu na ilichukua Oscar 11. Hakuna aliyeingia akiuliza kama meli itafika New York. Watu walilia kwa sababu walijua, na wale wawili pale mbele ya meli, mikono imetandazwa, hawakujua.

Ndiyo maana nina msimamo ambao marafiki zangu hawaupendi: filamu iliyojengwa juu ya siri moja ni kitendawili kirefu. Mara ya kwanza unategwa. Mara ya pili unarudi kukagua kama mtegaji hakudanganya, na kazi hiyo ina raha yake, unaona vidokezo vyote vilikuwa wazi mezani. Mara ya tatu? Kitendawili ulichokwisha kukijibu hukitegi tena mwenyewe. Nikiambiwa filamu fulani ni kali sana kwa sababu ya mwisho wake, nauliza ya katikati ikoje.

Raha kubwa ya filamu ninayoijua iko kwingine kabisa. Ni kuiangalia na mtu ambaye hajawahi kuiona. Wewe umeiona mara saba, unajua baada ya mlango kufunguka nani yuko nyuma yake, basi sekunde kumi kabla unaacha skrini unamwangalia yeye. Anatafuna. Mkono uko njiani kwenda mdomoni. Mlango unafunguka na mkono unasimama hewani. Naapa hakuna mwongozaji aliyewahi kupiga picha nzuri kama ile. (Mwenzangu alishawahi kunigeukia akaniuliza, "Mbona unaniangalia mimi?" Ikabidi nimwambie mwenyewe kwamba kuna kitu kinakuja. Filamu nikaiharibu kwa kuipenda.)

Kwenye filamu, basi, mimi ni kama jirani yangu wa juu: nina sekunde zangu za kuwatangulia wengine.

Tukirudi uwanjani hali inakuwa ngumu, na hapa ndipo watu wananiambia nadharia yangu inakufa. Mpira, wanasema, ni habari. Ukishajua 2-1 umekwisha kuisoma. Kuna ukweli. Katika Kombe la Dunia la 2022 yalifungwa magoli 172 katika mechi 64, yaani chini ya matatu kwa mechi. Mchezo wa dakika 90 wenye matukio matatu! Dakika zilizobaki ni kusubiri kutupu, na kusubiri bila kujua ndiyo nguvu yake yote. Ndiyo maana shabiki wa kweli haendi chooni timu yake ikipata kona, hata kama anajua kwamba kona nyingi haziishii popote.

Lennart Johansson, aliyekuwa rais wa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, alilipia somo hilo Barcelona mwaka 1999. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Bayern Munich inaongoza 1-0 dhidi ya Manchester United tangu dakika ya 6 kwa mpira wa adhabu wa Mario Basler. Dakika 90 zikakaribia, mzee akainuka kwenye kiti chake cha heshima kwenda chini kukabidhi kombe. Alipotokea uwanjani akakuta washindi wanalia na walioshindwa wanacheza. Wakati yeye anashuka, Sheringham wa Manchester United alikuwa amesawazisha na mwenzake Solskjær ameongeza la pili, yote kwenye dakika za nyongeza. Alikuwa na kiti kizuri kuliko watu wote uwanjani, akakosa magoli mawili kwa sababu alidhani anajua mwisho.

Kwa hiyo nakubali: mara ya kwanza, mpira ni mali ya wasiojua. Ninachokataa ni kwamba hakuna mara ya pili.

Mwaka juzi, mvua inanyesha na sina la kufanya, niliirudia fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Istanbul ya 2005. Kila shabiki anaweza kukuhadithia: Milan 3 Liverpool 0 mapumziko, kisha magoli matatu ndani ya dakika sita, Gerrard, Šmicer, Alonso, kisha matuta na Liverpool wanachukua. Mimi ile siku yenyewe nilikuwa nimekunja uso kipindi chote cha kwanza kwa sababu nilitaka mechi na sikuiona. Safari hii, kwa kuwa najua kitakachotokea, sikuwa na haraka nacho. Nikaangalia kipindi cha kwanza. Na humo kuna goli la tatu la Milan, pasi ya Kaká kutoka katikati ya uwanja, anageuka na mpira mguuni, anaupitisha chini kwa mkato unaowaacha mabeki wote wakiwa wamechelewa kwa hatua moja, na Crespo bila kuutuliza anaunyanyua juu ya kipa kwa upole kama mtu anayefunika mtoto shuka. Miongoni mwa magoli mazuri kabisa ya fainali zote, na hakuna anayelikumbuka, kwa sababu lilifungwa na walioshindwa. Ushindi wa Liverpool ulilizika. Mara ya pili ndiyo inayolifukua.

Hiyo ndiyo nguvu ya marudio ninayoizungumzia, na wala sizungumzii vipande vya dakika nne vya magoli matupu. Vipande hivyo ni kama kusikiliza viitikio ishirini mfululizo. Unashiba bila kula. Mtu aliyeona magoli sita ya Barcelona dhidi ya PSG mwaka 2017 kwa dakika nne haijui mechi ile. Hadi dakika ya 88 Barcelona walikuwa wanahitaji magoli matatu zaidi, na kabla ya hapo kulikuwa na karibu nusu saa tangu Cavani awafunge, nusu saa ambayo uwanja mzima ulikuwa umeshakubali. Nusu saa hiyo haimo kwenye vipande. Ukiitoa, magoli matatu ya mwisho ni magoli matatu tu.

VAR, yaani waamuzi wa video, nayo imeleta kituko chake. Tangu ilipoingia Kombe la Dunia mwaka 2018 goli limekuwa na sehemu mbili, kama santuri: upande wa kwanza mpira unaingia wavuni, upande wa pili mwamuzi anashika sikio. Wapo wanaosema nisingepaswa kulalamika, si nasifu kusubiri? Hapana. Kusubiri kabla ya sebene ni muziki. Kusubiri baada ya sebene ili mtu aje akuambie kama ulicheza kihalali ni ofisi. Jirani yangu wa juu imemharibu kabisa. Zamani kishindo kilikuwa kimoja na nilikiamini. Siku hizi kinakuja kishindo, halafu kimya kirefu, halafu ama kishindo cha pili chenye uchovu au hatua nzito kuelekea jikoni. Nabii wangu amekuwa mtu wa kusitasita. Juzi alipiga kelele, nikakaa mkao wa kuangalia watu kama kawaida yangu, nikachunguza mbio zote, nikamwona beki, nikamwona winga, goli likaingia, nikalielewa lote. Likakataliwa, bega liliotea. Nilikuwa nimesoma kwa makini kitu ambacho hakikutokea.

Kuna magoli machache yaliyovuka kabisa upande wa pili yakawa nyimbo. La Maradona dhidi ya Uingereza, tarehe 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, silirudii tena kwa macho. Nalisikiliza. Víctor Hugo Morales, mtangazaji wa Uruguay, anaanza kwa sauti ya kawaida Maradona akiwa bado kwenye nusu yake, sauti inapanda kila beki anapopitwa, maneno yanakatika yanabaki majina na milio, kisha mlipuko, kisha anaomba asamehewe kwa kuwa anataka kulia. Sijui Kihispania. Najua kila pumzi. Na kama kwenye ile rekodi yangu ya zamani, ninachosubiri si mlipuko wenyewe. Ni pale mwanzoni, sekunde moja kabla, Morales akiwa bado mtu anayefanya kazi yake tu.

Baada ya kuyasema yote haya, inabidi nikiri kwamba kuna mechi moja inayoivuruga hesabu yangu.

Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010, robo fainali, Ghana na Uruguay. Muntari amefunga kwa shuti la mbali karibu na mapumziko, Forlán amesawazisha kwa mpira wa adhabu, muda wa ziada umefika dakika yake ya mwisho. Mpira unapigwa golini mwa Uruguay, Suárez anauokoa kwa mguu kwenye mstari, unarudi, Adiyiah anaupiga kichwa, Suárez anautoa kwa mikono. Kadi nyekundu. Penalti. Mguso mmoja na Afrika ina timu nusu fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, jambo ambalo lilikuja kusubiri hadi Morocco mwaka 2022.

Mechi hii nimeirudia mara nyingi kuliko inavyofaa. Nimeshaichambua. Najua nani alisimama wapi kwenye ile purukushani ya mstarini, najua Suárez alitoka analia na dakika moja baadaye, mlangoni mwa njia ya kuelekea vyumbani, alikuwa anarukaruka. Najua kwamba dakika chache baada ya kuigonga penalti ile kwenye mtambaa panya, Asamoah Gyan alirudi kupiga penalti ya kwanza ya matuta ya Ghana na akaifunga, ujasiri ambao watu hawausemi vya kutosha. Najua mwisho wa matuta ni 4-2 kwa Uruguay. Yote nayajua, na kujua kwangu huko, kwa mechi nyingine yoyote, kungenitoa kwenye kochi na kunikalisha kwenye kiti cha mchambuzi.

Gyan anauweka mpira chini. Anarudi nyuma. Mtambaa panya uko palepale ulipokuwa mwaka 2010, haujasogea hata inchi. Na mimi, nikiwa peke yangu sebuleni, mguu wangu wa kulia unasukuma zulia kidogo, chini zaidi, upige chini zaidi.

Kule juu kimya. Jirani amelala.